Dalali wa mizigo Dar es Salaam: namna ya kumpima kabla hujamkabidhi mzigo

"Jamani, nani ana namba ya dalali mwaminifu wa malori?" Anauliza mwenye kontena lililokwama Kurasini, anauliza mwenye kiwanda kidogo Vingunguti, anauliza mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kahama anayesubiri vigae kutoka Mkuranga. Majibu huwa yaleyale: namba za simu kumi, maelezo hakuna. Muulizaji anapiga ya kwanza inayopokelewa, anatuma adivansi, na baada ya siku chache anarudi na swali jingine, hili la uchungu zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesafirisha mzigo kwa mara ya kwanza au ya pili kutoka bandari ya Dar es Salaam, au kutoka viwanda vya Dar na Pwani, kwenda mikoani au nchi jirani. Sitakutajia dalali wa kumpigia. Nitakuonyesha namna ya kumpima yeyote utakayempata, wa bei rahisi na wa bei ghali, kwa swali moja: mzigo ukipotea kati ya geti la kupakia na ghala la kushushia, nani analipa, na ameandika wapi kwamba atalipa?

Nani ni nani

Kwa kifupi tu, maana wengi wanawachanganya. Wakala wa forodha ndiye anayeutoa mzigo bandarini: anaandaa nyaraka za TRA, anafuatilia delivari oda (kibali cha kuchukua mzigo) kwa wakala wa meli, analipia tozo kwa niaba yako. Huyu lazima awe na leseni. Msafirishaji ni mwenye malori. Dalali hana lori wala leseni ya forodha. Kazi yake ni kumkutanisha mwenye mzigo na mwenye gari, naye anakula kamisheni au anaweka cha juu. Zipo kampuni zinazofanya yote matatu, na zipo nyingi zaidi zinazosema zinafanya yote matatu.

Dalali si mtu mbaya. Mwenye malori mawili hana ofisi ya kutafutia mizigo, na wewe huna muda wa kuzunguka yadi za Kurasini na Tabata. Anayejua nani ana gari tupu leo na nani anarudi kutoka Tunduma kesho anastahili ujira wake. Wa kuogopa ni yule anayepokea hela kama msafirishaji, kisha mambo yakiharibika anajibu kama dalali: "Mimi niliwaunganisha tu."

Andaa haya kabla hujapiga simu

Ukipiga simu huku hujui uzito wa mzigo wako, utapewa bei ya kubahatisha, na itabadilika gari likishafika getini. Andika kwenye karatasi moja:

- Mzigo ni nini hasa. "Bidhaa mchanganyiko" si jibu. Sema vigae, nondo, mbolea kwenye mifuko, mashine yenye kreti la mbao.
- Uzito wote pamoja na vifungashio, na vipimo kama mzigo ni mrefu au mpana kuliko kawaida.
- Mahali pa kupakia: bandarini, bandari kavu, yaani yadi ya makontena nje ya bandari (na ni ipi; Kwala, huko Pwani, iko mbali na Kurasini), au kiwandani.
- Mahali pa kushusha, na kuna nini pale. Kuna foklifti? Kuna makuli? Semi inaweza kugeuka, au barabara ya mtaani hairuhusu?
- Siku ambayo mzigo utakuwa tayari kweli, siyo siku unayotamani uwe tayari.
- Thamani ya mzigo kwa shilingi, pamoja na ankara ya kuithibitisha. Bima itaihitaji.
- Kama ni kontena: ni la futi 20 au 40, linarudishwa wapi likiwa tupu, na siku za bure za kampuni ya meli (ambazo kontena halitozwi) zinaisha lini.
- Kama ni kemikali za viwandani: vibali vya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Dalali asiyeuliza habari ya vibali hivi baada ya kusikia neno "kemikali" mwache palepale.

Kwenye uzito nisimame kidogo, maana ndipo waongo wanapojulikana mapema. Tangu Machi 2019 Tanzania inatekeleza sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Kwa semi ya kawaida ya ekseli sita yenye matairi pacha, hesabu ni hii: ekseli ya mbele tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, ekseli tatu za tela tani 24. Jumla tani 50. Gari la ekseli saba au zaidi halivuki tani 56. Sasa toa uzito wa kichwa na tela vikiwa vitupu, ambao mara nyingi ni kati ya tani 17 na 20 kulingana na aina. Unabaki na tani 30 hivi za mzigo. Kama unabeba kontena, uzito wa kontena lenyewe unaingia humohumo: zaidi ya tani 2 kwa la futi 20, na karibu tani 4 kwa la futi 40.

Kwa hiyo dalali anayekuambia "bosi, semi yangu inabeba 36, njia nzima tunafahamiana" ama hajui kazi, ama anapanga kukuachia faini ya mizani ya Vigwaza. Na jumla kuwa sawa haitoshi. Nondo zikirundikwa nyuma ya tela, ekseli za nyuma zitazidi hata kama gari lote liko ndani ya kiwango.

Hatua kwa hatua

1. Amua unahitaji nani. Mzigo ukiwa bado bandarini, anza na wakala wa forodha, kisha msafirishaji. Ukiwa tayari ghalani au kiwandani, wakala wa forodha hahusiki, isipokuwa unavuka mpaka. Ukivuka, kwa mfano kupitia Tunduma kwenda Zambia na Kongo, Kasumulu kwenda Malawi, Rusumo kwenda Rwanda au Kabanga kwenda Burundi, uliza mapema nani atashughulikia nyaraka za upande wa pili. Magari mengi hulala mpakani kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshaajiri wakala huko.

Kama unasafirisha gari zima kila wiki, huenda humhitaji dalali kabisa. Nenda moja kwa moja kwa msafirishaji mwenye magari ya kutosha, uwe na mkataba wa mwaka. Dalali anafaa zaidi kwa mwenye mzigo wa mara mojamoja, au msimu unapobana na magari ya msafirishaji wako yote yako barabarani.

2. Kusanya majina manne au matano kutoka sehemu tofauti. Kwa mawakala wa forodha, TRA huchapisha orodha ya wenye leseni, na chama chao ni TAFFA. Kwa wenye malori kuna TATOA, na kwa wamiliki wadogo na wa kati kuna TAMSTOA. Uanachama si dhamana, lakini unakupa mahali pa kupeleka malalamiko.

Chanzo kizuri zaidi ni mtunza ghala wa kule mzigo unakokwenda. Yeye ndiye anayeona magari yanafika na hali gani: turubai limechanika au zima, mifuko imelowa au mikavu, dereva amefika na karatasi zote au anaanza kupiga simu. Wenye viwanda watakusifia dalali wao kwa bei; mtunza ghala wa Mbeya au Mwanza atakuambia mzigo ulifikaje.

Ukimpata mtu aliyewahi kumtumia dalali huyo, usimuulize kama ni mwaminifu, maana kila mtu atasema ndiyo. Muulize: "Mara ya mwisho gari lilipochelewa, alikupigia yeye au ulimpigia wewe?"

3. Kagua karatasi, kisha nenda ofisini. Omba jina kamili la kampuni, cheti cha usajili, TIN na leseni ya biashara. Usajili wa kampuni unaweza kuutafuta kwenye mfumo wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa jina au namba. Kwa wakala wa forodha, leseni yake huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, hivyo Januari na Februari uwe makini zaidi: omba ya mwaka huu, siyo picha ya mwaka jana iliyopakwa rangi upya kwenye simu.

Linganisha jina la kampuni na jina la akaunti ya benki au Lipa Namba utakayotumia kulipa. Yakitofautiana, omba maelezo kwa maandishi. "Akaunti ya ofisi ina tatizo, tuma kwa namba yangu" ni sentensi ya kumaliza mazungumzo.

Kisha fika ofisini kwao. Si lazima pawe na marumaru. Unachotafuta ni ubao au daftari linaloonyesha magari yaliyoko njiani, mtu anayeongea na dereva kwenye simu, faili la delivari noti zilizosainiwa. Omba kuona delivari noti tatu za safari kama yako, wakifunika majina ya wateja wakitaka. Dalali mwenye kazi hukasirika kidogo kisha anazitoa. Asiye na kazi anaanza kukueleza historia ya maisha yake.

4. Jua mzigo utakuwa mikononi mwa nani. Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Mzigo wa Dar kwenda Kahama unaweza kupita kwa watu watatu kabla ya kufika kwa mwenye gari. Wewe unampa dalali wa kwanza. Yeye hana gari siku hiyo, anampigia wa pili. Wa pili anauweka kwenye kundi la WhatsApp, wa tatu anaudaka, naye ndiye anayemjua mwenye lori. Kila mmoja ameweka cha juu chake. Bei uliyolipa ilikuwa nzuri, ila kinachomfikia mwenye gari kimepungua kiasi kwamba dereva anaondoka na mafuta ya kumfikisha nusu ya safari. Ndipo unapigiwa simu kutoka Chalinze au Dodoma: "Bosi, tuongezee kidogo, gari limeishiwa." Ukimpigia dalali wako, kweli hajui gari liko wapi. Hajawahi kuliona.

Zuia hilo kwa maandishi. Mkataba wa kurasa mbili unatosha, na usipungukiwe mambo haya:

- Upande wa pili ni kampuni iliyosajiliwa, kwa jina lake kamili, na mwenye kusaini ana mamlaka ya kusaini.
- Kampuni hiyo inabeba wajibu wa mzigo tangu unapopakiwa hadi unapokabidhiwa kwa saini, hata ikitumia gari la mtu mwingine.
- Hairuhusiwi kumpa dalali mwingine mzigo bila idhini yako ya maandishi.
- Kabla ya kupakia inakupa namba za kichwa na tela, jina la dereva na simu yake, na jina na simu ya mwenye gari.
- Mwenye gari hatauzuia mzigo wako kwa deni kati yake na dalali.

Dalali akikataa kubeba wajibu, si lazima umtimue. Sema: basi wewe utakuwa dalali kweli, nitakulipa kamisheni yako kando, na mkataba wa usafirishaji nitasaini na mwenye gari mwenyewe. Wapo waaminifu wanaokubali hilo haraka, na wengine wanafurahi kabisa. Atakayekataa njia zote mbili anataka hela ya wajibu bila wajibu.

5. Omba bei iliyochambuliwa. Ukipewa namba moja tupu, uliza imejumuisha nini: kupakia, kushusha, kufunga turubai na mikanda, ushuru wa maegesho, kurudisha kontena tupu, na VAT kama inahusika. Uliza pia gari linasubiri siku ngapi bure kwenye kushusha, na baada ya hapo ni kiasi gani kwa siku. Hapa ndipo bei rahisi hurudi kuwa ghali.

Uliza bei inadumu hadi lini. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na dalali mwenye akili hatakupa tarehe 28 bei ya kupakia tarehe 10 bila kuweka sharti. Sharti hilo si ujanja. Liandikwe tu: mafuta yakipanda kiasi gani, bei inapanda kiasi gani.

Bei inafuata pia njia ambayo gari linarudi na mzigo. Lori linalopanda Zambia au Lubumbashi likijua litashuka na shaba, linaweza kukupunguzia kupanda. Lori lililoshusha Mbeya likakosa mchele au mahindi ya kurudi nayo, litakutoza kwenda na sehemu ya kurudi. Wewe mwenye mzigo wa Mbeya kuja Dar una nafasi nzuri ya kubishana bei, maana magari mengi pale yanatafuta cha kushuka nacho. Msimu wa korosho kusini, kuanzia Oktoba hivi, magari huelekea huko na bei za njia nyingine huguswa.

Kati ya bei nne utakazopata, ile iliyo chini mno kuliko wenzake isikupe furaha. Mafuta ni yaleyale, na umbali haupungui kwa mtu.

6. Tenganisha bima ya gari na bima ya mzigo. Ukiuliza habari ya bima utajibiwa, "Usiwe na wasiwasi, gari lina komprehensivu." Hiyo inalipia gari. Mzigo wako ukiungua kwenye mteremko wa Kitonga, mwenye lori atapata lori jipya na wewe utapata pole.

Unachohitaji ni bima ya mizigo safarini. Ama msafirishaji anayo, ama unajikatia mwenyewe kwa safari moja. Kama ni yake, omba nakala na uangalie mambo manne: jina la mwenye bima, tarehe ya kuisha, kiwango cha juu kwa gari moja, na yale isiyolipia. Bima yenye kikomo cha milioni 50 haikusaidii kitu kwenye mzigo wa milioni 180. Angalia hasa kama wizi unaofanywa na dereva mwenyewe umetolewa nje. Piga simu kwa kampuni ya bima uthibitishe namba ya hati. Ya gari unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

Kwa safari za Zambia, Malawi au Kongo, gari liwe na kadi ya njano ya COMESA. Hiyo inahusu madhara kwa watu wengine barabarani, siyo mzigo wako, lakini bila yake gari halisogei mpakani.

Ushauri wangu kwa mgeni: jikatie bima yako mwenyewe safari ya kwanza, hata kama dalali anayo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kugombania bima ya mtu mwingine.

7. Anza na gari moja. Hata ukiwa na kontena sita, toa moja. Kama muda wa bandarini unakubana na huwezi kusubiri, gawa kwa wasafirishaji wawili. Hutamjua mtu kwa mazungumzo ya ofisini kama utakavyomjua gari lake likipata pancha usiku Ruaha Mbuyuni.

8. Siku ya kupakia, simama getini. Wewe au mtu wako, si mtu wa dalali. Wizi mkubwa hutokea hapa, kwa namba bandia na dereva asiye wa gari hilo.

Linganisha namba za kichwa na za tela na zile ulizotumiwa. Tela lina namba yake, usiisahau. Linganisha na kadi ya gari na leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini). Piga picha leseni ya dereva na uso wake akiwa amesimama mbele ya gari. Kisha mpigie mwenye gari, kwa namba uliyoipata mapema na siyo ile anayokupa dereva palepale, umuulize: "Gari lako namba fulani, dereva fulani, liko kwangu linapakia kwenda Songea. Unajua?" Mara nyingine atashtuka. Kama namba aliyokupa dalali inapokelewa na sauti ya dalali yuleyule, nadhani sina haja ya kuendelea.

Angalia sakafu ya tela kama ina misumari au mafuta, na turubai kama lina matobo. Mifuko ya saruji haisamehi mvua. Kama ni kontena, andika namba ya lakiri (sili ya mlango wa kontena) kwenye delivari noti na uipige picha ikiwa imefungwa. Pima uzito kabla gari halijatoka. Mzani wa kiwandani au wa kulipia jirani ni nafuu kuliko kushusha tani mbili kando ya barabara.

Delivari noti iwe nakala tatu, dereva asaini idadi aliyopokea. Utingo asisaini kwa niaba yake.

9. Lipa kwa vipande. Sehemu kubwa hutangulia kwa sababu ya mafuta na posho ya safari. Huo ndio utaratibu wa kazi hii, usishangae. Lakini adivansi itoke gari likishapakiwa na kupimwa, siyo kabla halijafika. Baki na angalau robo ya bei hadi upate delivari noti iliyosainiwa na kugongwa muhuri wa mpokeaji. Kwa kontena, baki na kitu hadi uone karatasi ya kupokelewa kwa kontena tupu. Kila malipo yawe na risiti ya EFD.

10. Fuatilia bila kumsumbua dereva. Mwenye gari akiwa na GPS, omba kiungo cha kuliangalia mwenyewe. Kama hana, kubalianeni vituo vya kuripoti, kwa njia ya Tunduma tuseme Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, ambako gari linapita mizani hata hivyo. Kumpigia dereva kila saa ni kumwomba aendeshe kwa mkono mmoja.

Makosa yanayojirudia

Kumkabidhi wakala wa forodha hati halisi za mzigo kabla hamjaandikiana ada. Ukitaka kumwacha baadaye, hati ziko kwake na siku za bandarini zinakwenda.

Kuchanganya siku za bure. Bandari ina zake, kampuni ya meli ina zake, na bandari kavu nayo ina utaratibu wake. Storeji (ya kuweka mzigo bandarini) na dimareji (ya kuchelewesha kontena la kampuni ya meli) ni tozo mbili tofauti, zinalipwa kwa watu tofauti, na zinaweza kukupata siku moja zote mbili.

Kutangaza thamani ndogo ya mzigo ili bima iwe rahisi. Utalipwa hiyohiyo ndogo, au usilipwe.

Kumzunguka dalali aliyekutendea vizuri. Ukishapata namba ya mwenye gari kupitia kwake, ukaanza kumpigia moja kwa moja kuokoa kamisheni, Kurasini nzima itajua kabla ya safari ya pili. Msimu ukibana utakuwa wa mwisho kupewa gari.

Mambo yakiharibika

*Gari limezuiwa mizani.* Uliza kwanza limezidi kwenye jumla au kwenye ekseli. Ekseli pekee ikizidi, huenda mzigo ukapangwa upya. Jumla ikizidi, kuna faini na kushusha kilichozidi. Anayelipa ni aliyedanganya uzito: kama karatasi yako ilisema tani 28 na mzani wa kiwandani ulisema 28, onyesha tiketi ya mzani. Kama hukupima, huna cha kubishania.

*Dereva hapokei simu.* Subiri saa chache kama yuko sehemu isiyo na mtandao, kisha mpigie mwenye gari, siyo dalali kwanza. Mwenye gari ana uchungu na gari lake kuliko mtu mwingine yeyote. Naye asipopatikana, nenda polisi siku hiyohiyo ukiwa na picha za namba na dereva, chukua RB (namba ya taarifa ya polisi), na uiarifu bima. Usisubiri dalali akuambie "tunashughulikia."

*Mwenye gari anazuia mzigo akisema dalali hajamlipa.* Hili linatokea sana. Kwanza onyesha risiti zako. Pili, tumia lile baki la robo: kaeni watatu, hata kwa simu, muandikiane kwamba salio litalipwa moja kwa moja kwa mwenye gari na litahesabiwa kuwa limelipwa kwa dalali. Usilipe mara mbili kwa hasira ya kutaka mzigo ushuke. Ikishindikana, tafuta mwanasheria uende naye kwenye gari, maana kila siku gari likisimama gharama ya kusubiri inaandikwa kwa jina la mtu fulani.

*Mzigo umefika pungufu au umelowa.* Mpokeaji asisaini "umepokelewa salama". Aandike kwenye delivari noti idadi kamili iliyofika na hali yake, dereva asaini chini ya maneno hayo, mpige picha kabla ya kushusha na wakati wa kushusha. Lakiri ikiwa imekatwa, msifungue kontena hadi awepo shahidi. Arifu bima kwa maandishi siku hiyo.

*Kontena tupu halijarudi na dimareji inapanda.* Mara nyingi lori limelitumia kubebea mzigo wa kurudi wa mtu mwingine. Kwenye mkataba weka siku ya mwisho ya kurudisha na sema dimareji baada ya siku hiyo ni ya msafirishaji. Kama hukuandika, lipa kwanza ulikomboe, kisha kata kwenye salio.

*Wakala wa forodha amekwama na haeleweki.* Omba namba ya tamko la forodha na ankara za malipo, uulize mwenyewe TRA mzigo uko hatua gani. Wakati mwingine hela yako ya ushuru haijalipwa bado. Kubadilisha wakala katikati inawezekana kwa barua, lakini inakula siku, kwa hiyo fanya uamuzi mapema.

Kwa walioko Tanga na Mtwara: hatua ni hizihizi, ila magari yanayosubiri mizigo ni machache kuliko Dar. Kabla ya kubishana bei, muulize dalali lori liko wapi sasa hivi. Likiwa Dar, unalipia na safari tupu ya kukufuata, na hapo ni bora uulize kama kuna lililoshusha jirani yako wiki hii.